Anayenyimwa Dhamana na Mlango wa Rufani

Mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa anaponyimwa dhamana, hapa visiwani husemwa papo hapo barazani: "Basi, yule ana kesi ya kweli." Usemi huo ni upotofu, na baadhi ya wanaousema ni watumishi wa Serikali ambao wangepaswa kujua zaidi. Ombi la dhamana halihusu hatia hata kidogo. Anayelisikiliza hutazama kama mshtakiwa atarudi siku ya kesi, kama atawatisha au kuwarubuni mashahidi, na kama usalama wake mwenyewe utakuwa hatarini akiwa nje. Uzito wa kosa nao hupimwa, kwa kuwa mwenye kuogopa adhabu kubwa ana sababu zaidi ya kukimbia. Lakini uzito huo peke yake hauthibitishi kwamba atakimbia. Ibara ya 13(6) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yakataza mtu kutendewa kama mkosa kabla hatia yake haijathibitika, na ibara hiyo hiyo yatambua haki yake ya kukata rufani.

Rufani hizo si mchezo wa mawakili. Huko Bara, mtu aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia nguvu alipewa dhamana na Mahakama Kuu, Jaji James Mwalusanya akikitangua kifungu cha sheria kilichoizuia. Mkurugenzi wa Mashtaka akakata rufani, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kifungu kile kilikwenda kinyume cha Katiba: kilimfungia mtu ndani bila ya kumwekea utaratibu wa kusikilizwa.

Mambo hayakuishia hapo. Agosti 2020 Mahakama hiyo hiyo ilikataa kukitangua kifungu cha 148(5), chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana, kama vile mauaji na uhaini. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikaona kwamba kifungu hicho chavunja haki. Kwa maoni yetu Arusha ndiko kulikosemwa kweli, kwani orodha iliyoandikwa Bungeni haiwezi kumjua mtu aliyesimama kizimbani, hakimu anaweza.

Sheria hiyo ni ya Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai. Lakini nani kati yetu amesahau washtakiwa 18 wa uhaini, wafuasi wa chama cha CUF? Walikaa rumande bila ya dhamana takriban miaka mitatu. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Wakaachiwa mwezi huo huo. Uamuzi ule uliwachoma wengi kwa sababu za siasa, na mjadala wake hatuuingii leo. Tunachouliza ni hiki: miaka ile nani awezaye kuwarudishia?

Mahakama ya Rufani huja visiwani kwa vikao, haikai mwaka mzima. Mahabusu aliyekosa kikao hungoja kingine, na jamaa zake walioko Pemba huendelea kulipa nauli ya meli kwenda kumwona Unguja. Kwa hiyo siku moja ya uzembe wa karani yaweza kugeuka miezi rumande. Jaji au Hakimu anayekataa dhamana na aandike sababu zake siku ile ile, si "kosa ni zito" tu, kwani rufani haina cha kushika pasipo sababu. Nakala ya uamuzi ichapwe na kukabidhiwa mshtakiwa bila ya kuombwa mara tatu. Na wakuu wa Vyuo vya Mafunzo wahakikishe kwamba mahabusu asiye na wakili anapata karatasi, kalamu na mtu wa kumwandikia.