Nafasi ya Kazi Mbele ya Vyombo vya Umeme

Katika somo lililotangulia tulijifunza kwamba chuma hupitisha umeme, na kwamba mwili wa mtu nao hupitisha umeme. Sasa tutaona kwa nini fundi wa umeme huhitaji nafasi anapofanya kazi.

Katika majengo makubwa, kama vile hospitali na benki, kuna chumba cha umeme. Ndani yake mna ubao wa swichi, ambao hugawa umeme katika vyumba vyote. Siku hizi makabati ya kompyuta nayo huwekwa humo mara nyingi. Kabati likisimamishwa mbele ya ubao wa swichi, hatari huanza.

Mfikirie fundi anayepima umeme katika ubao ulio wazi. Mkono wake ukigusa sehemu yenye umeme, na mgongo wake ukigusa ukuta wa zege, umeme utapita mwilini mwake kuelekea ardhini. Anaweza kufa. Tena, cheche kubwa zikiruka, hana pa kurudi nyuma.

Ili kuzuia ajali kama hizo, nchi nyingi zimetunga kanuni. Kanuni za umeme za Marekani, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1897, siku hizi hutaka nafasi ya kazi iwe na upana usiopungua sentimeta 76, na kimo cha meta 2. Ubao ukiwa mpana zaidi au mrefu zaidi, vipimo hivyo huongezwa. Kina cha nafasi hutegemea kitu kilicho nyuma ya fundi. Kwa umeme wa volti 151 hadi 600 ukilinganishwa na ardhi, kina ni hiki:

1. Kitu kisichopitisha umeme, kama ukuta mkavu wa mbao: meta 0.9.
2. Ukuta wa zege au wa matofali, au chuma kilichoungwa na ardhi: meta 1.07.
3. Sehemu nyingine zenye umeme zilizo wazi: meta 1.2.

Hatari ikizidi, nafasi nayo huzidi. Kabati la kompyuta ni la chuma, nalo huungwa na ardhi. Kwa hiyo huhesabiwa pamoja na ukuta wa zege. Halifai kuwekwa ndani ya nafasi ya kazi, wala nafasi hiyo haifai kugeuzwa ghala. Milango ya ubao wa swichi nayo lazima iweze kufunguka nyuzi 90 au zaidi.

Kumbuka: nafasi tupu mbele ya ubao wa swichi ni kinga ya fundi.

Zoezi
1. Kwa chaki, chora sakafuni mstatili wenye upana wa sentimeta 76 na kina cha meta 1.07. Simama ndani yake, ugeuke na kuinama. Je, unagusa nje?
2. Kwa nini ukuta wa zege huhitaji nafasi kubwa kuliko ukuta mkavu wa mbao?

Tahadhari: Usiingie kamwe katika chumba cha umeme.