Wilma Rudolph: Alivaa chuma mguuni, akatwaa dhahabu tatu

Alizaliwa njiti Juni 23, 1940, katika jimbo la Tennessee, Marekani, akiwa na kilo mbili tu, mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba yake. Aliugua nimonia, kisha polio iliyomlemaza mguu wa kushoto. Madaktari waliiambia familia kuwa Wilma Rudolph hatatembea.

Mama yake, Blanche, alikuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Kwa sababu ya ubaguzi, watu Weusi wa mji wao wa Clarksville walipata matibabu kwa shida. Basi kila wiki, kwa miaka miwili, mama alimpandisha mwanawe basi, wakakaa viti vya nyuma, hadi hospitali ya Chuo cha Meharry jijini Nashville, karibu kilomita 80. Huko akafundishwa namna ya kuukanda mguu. Nyumbani ukakandwa mara nne kwa siku, kaka na dada wakishika zamu.

Mzazi, tuelewane hapa. Kukanda hakuponyi polio. Virusi vikishaua neva, hakuna dawa ya kuzirudisha. Kinachowezekana ni kuimarisha misuli iliyobaki na kuzuia viungo visikakamae, na kazi hiyo inataka kila siku, si siku ya kliniki tu. Chanjo ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1955, Wilma alishachelewa. Kwetu Tanzania matone ni bure: mtoto akizaliwa, kisha wiki ya 6, 10 na 14. Hebu itazame kadi ya mwanao.

Akiwa na miaka 12 alitembea bila chuma. Akiwa na miaka 16 alirudi na shaba ya kupokezana vijiti kutoka Olimpiki ya Melbourne. Mwaka 1958 akajifungua binti, na ndugu zake wakamsaidia kulea ili aende chuo kikuu, alikofundishwa na kocha Ed Temple. (Wangapi kwetu wanaambiwa hapo ndoto imeisha?) Roma, 1960, akashinda mita 100, mita 200 na kupokezana vijiti. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyewahi kupata dhahabu tatu za riadha katika michezo mmoja kabla yake.

Clarksville walipotaka kumpokea kwa sherehe, aligoma kuhudhuria kama Weusi na Wazungu wangetenganishwa. Walichanganyika.

Alistaafu mwaka 1962, akiwa na miaka 22 tu. Mwaka uliofuata alihitimu, akarudi Clarksville kufundisha shule ya msingi na kuwanoa wakimbiaji wa Burt, sekondari aliyosoma mwenyewe. Mwaka 1981 alianzisha taasisi ya kuwafundisha riadha watoto wa familia za kipato cha chini, na mwaka 1987 akawa kocha wa wanawake katika Chuo Kikuu cha DePauw, Indiana. Saratani ya ubongo ilimuua Novemba 12, 1994, akiwa na miaka 54.