Kanieneo na Tabia za Metali

Katika toleo hili tunaeleza istilahi ya fizikia ambayo wanafunzi wetu wengi huikwepa, nayo ni kanieneo. Wapo wanaosema shinikizo au mgandamizo, na si kosa. Hata hivyo, kanieneo limeundwa kwa maneno mawili, kani na eneo, na muundo huo unabeba maana yenyewe: kani ikigawanywa kwa eneo inalolikandamiza. Kisigino chembamba cha kiatu huzama katika udongo mwekundu wa Kampala baada ya mvua, ilhali kandambili hazizami, ingawa mvaaji ni yuleyule.

Wanasayansi hutumia kanuni hiyohiyo. Huchukua almasi mbili, jiwe la aina ileile inayochimbwa Mwadui nchini Tanzania, wakazichonga ncha, kisha wakabana baina yake kipande kidogo sana cha metali. Kwa kuwa eneo la ncha ni dogo mno, kanieneo hufikia mara milioni kadhaa ya lile la hewa ya kawaida.

Tuchukue mfano wa sodiamu, metali ambayo ikiungana na klorini hutupa chumvi ya jikoni. Kila atomu yake ina elektroni moja ya nje iliyo huru kutembea, ndiyo maana sodiamu hung'aa na kupitisha umeme. Kwa kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kuwa ikibanwa kwa zaidi ya mara milioni moja ya kanieneo la hewa, huyeyuka karibu na joto la kawaida la chumba. Mwaka 2009 watafiti wengine, akiwemo Yanming Ma wa China, walionyesha kuwa kwenye takriban mara milioni mbili hupenyeza nuru kama kioo na huacha kupitisha umeme. Sababu ni kwamba atomu zinaposongamana mno, elektroni za nje husukumwa katika nafasi zilizo baina ya atomu, zikanaswa humo.

Hivyo basi, tunapofasili metali kuwa kitu king'aacho na kipitishacho umeme, tuongeze: katika kanieneo la kawaida. Aidha, Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwanafunzi atakayekuja darasani kwetu atauliza na mambo ya maabara. Tukishindwa kumjibu kwa Kiswahili, ataamini kwamba lugha hii ni ya ngeli na mashairi tu.