Trafiki Anakagua Stika, Breki Ziko Chini

Muulize dereva wa lori anayekwenda Tunduma ni nini kinachomkera zaidi njiani. Atakuhesabia vituo: mizani ya Vigwaza, ya Mikese, ya Wenda, ya Makambako, ya Mpemba. Katikati ya mizani wapo trafiki wenye tochi, trafiki wasio na tochi, na yule anayechomoza nyuma ya mwembe. Leseni, bima, stika, pembetatu, kizima moto. Faini Sh30,000, haya nenda. Halafu ataongeza jambo ambalo sisi tunaoshinda chini ya malori tunalisikia kila mara: katika wote hao, hakuna aliyeinama kutazama breki.

Tuanze na mizani, maana ndiko manung'uniko yalikojaa. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa lori na mzigo wake. Wengi wanaishia hapo, kumbe kila kundi la ekseli lina ukomo wake: ekseli ya usukani tani 8, mbili za nyuma ya kichwa tani 18, tatu za tela zenye tairi pacha tani 24. Kwa hiyo semi ya ekseli 6 inaruhusiwa tani 50. Sasa tuseme imepanda mizani na jumla ikasoma tani 48.8. Dereva anashusha pumzi. Karatasi inatoka: usukani 7.2, kichwa nyuma 19.6, tela 22. Amekamatwa, na jumla yake haijafika hata ukomo.

Mwambie sasa arekebishe. Kontena lina lakiri ya forodha, hakulipakia yeye, na ndani hajui kuna nini zaidi ya kilichoandikwa. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zinataka uzito wa kila kontena utangazwe kabla halijapakiwa melini, lakini kinachotangazwa ni jumla tu. Kama vyuma vyote vimelundikwa upande wa mbele, cheti hakisemi. Cheti ni halali, aliyepakia yuko ng'ambo, na anayelala mizani siku mbili akila mihogo ya kukaanga ni dereva na utingo wake.

Hapo nawatetea. Kwenye ile asilimia 5 siwatetei. Oktoba 2013, Wizara ya Ujenzi ilipofuta nafuu ya asilimia 5 ya uzito, wasafirishaji waligoma mpaka Waziri Mkuu akaingilia kati. Asilimia 5 inaonekana kitu kidogo. Ila majaribio yaliyofanyika Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, malori yakizungushwa kwenye vipande vya barabara mpaka vikachakaa, yalionyesha kwamba uharibifu hauendi sambamba na uzito. Unapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ya tani 10 ukiipakia tani 12 inaumiza lami mara mbili, na ile asilimia 5 inaongeza maumivu kwa zaidi ya asilimia 20. Mifereji ya matairi inayomyumbisha dereva usiku imechimbwa na wenzake waliozidisha.

Kero ya pili ni kubanwa, mbele na mgongoni. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akiona hatari, sekunde moja na nusu inapita kabla mguu haujakanyaga: mita 33. Breki za lori ni za upepo, na upepo unahitaji kama nusu sekunde kusafiri kwenye mipira mpaka tela la mwisho: mita 11 nyingine. Ndipo breki zinaanza kushika, na lori zima lililo katika hali nzuri litahitaji kama mita 50 zaidi. Karibu mita 95, lami ikiwa kavu. Ndiyo maana dereva mwenye akili anaacha pengo kubwa mbele yake, na ndiyo maana anatukana kimoyomoyo Noah inapochomekea na kulijaza. Amenyang'anywa breki.

Wa nyuma naye hajui kwamba haonekani. Ukikaa mita 5 nyuma ya tela, vioo vyote viwili vya dereva vinakupita pembeni. Anachoweza kukusaidia ni indiketa, ikiwa alikuona kabla hujajificha: ya kushoto, pita, ya kulia, kuna gari linakuja. Lugha hii imeokoa wengi, lakini haina nguvu ya kisheria na ina kasoro mbaya. Indiketa ya kulia ndiyo hiyo hiyo ya kukata kulia, na dereva anayekata kushoto kuingia kituo cha mafuta ameshakuambia upite bila kukusudia. Matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani kuashiria lori lililoharibika yana shida hiyo hiyo: lori linaondoka, matawi yanabaki, wakati mwingine na mawe yaliyokingia tairi. Tochi inapima mwendo. Pengo kati ya gari na gari halipimwi na mtu.

Sasa turudi chini ya lori. Lori la tani 56 likishuka mita 100 tu za kimo, nishati ambayo lazima ipotee mahali inatosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji. Isipochukuliwa na injini, inakwenda kwenye madebe ya breki. Debe likipata moto linatanuka, viatu vinalazimika kusafiri mbali zaidi kuligusa, na vyenyewe vikiungua vinateleza. Dereva anakanyaga, upepo upo, lori haliitiki. Mteremko wa Kitonga unashukwa kwa gia nzito na breki ya injini, breki za miguu zikiguswa kwa vipindi. Anayepiga nyutro ili abanie mafuta, mengine akauze, ameitupa breki pekee isiyochoka. Kenya walilijua hilo kwa gharama kubwa kwenye mteremko wa Salgaa.

Na kuna breki ambayo imekwisha kabla hata ya mteremko, kwa sababu tu haijakazwa. Kuigundua ni kazi ndogo. Magurudumu yanawekewa kabari, injini inazimwa, breki ya mkono inaachiwa. Unatia alama ya chaki kwenye fimbo inayotoka kwenye chemba ya breki, utingo anakanyaga pedali upepo ukiwa kati ya bar 6 na 7, unapima fimbo imesogea kiasi gani. Kwa chemba ya kawaida ya namba 30, ikizidi milimita 51 breki hiyo haifai kwenda safari. Wakaguzi wa Marekani na Kanada wanapima hivyo kandokando ya barabara, na kila mwaka kwenye operesheni yao ya saa 72 breki ndizo zinazoongoza kusimamisha malori.

Kwetu lori linasimama mizani hata hivyo, kwenye sakafu tambarare, karatasi zikigongwa mihuri. Dakika hizo zinatosha angalau kwa ekseli za tela, ambazo ndizo husahaulika zaidi, kwani tela hubadilishana vichwa na hakuna dereva anayeliona ni lake. Trafiki mmoja afundishwe, apewe chaki, rula, kabari nne na ovaroli. Stika aiangalie akishainuka.