Wanasaikolojia Hawafanyi Kazi Moja

Kijana wa Naitiri, kaunti ya Bungoma, anapomaliza kidato cha nne na kutaja saikolojia miongoni mwa kozi atakazochagua kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, wazazi wengi huingiwa na wasiwasi. Asome miaka minne, kisha aajiriwe na nani? Wasiwasi huo una haki ya kujibiwa kikamilifu.

Kwanza tutenganishe fani mbili zinazochanganywa kila siku. Daktari wa magonjwa ya akili husomea udaktari kwanza, kisha hubobea katika maradhi hayo, na huandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Yeye huchunguza namna mtu anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, na humsaidia kubadili yanayomtesa. Mgonjwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii huenda akawahitaji wote wawili.

Wanasaikolojia wenyewe nao wamegawana kazi. Wa kliniki hupima na kutibu maradhi kama sonona kwa mazungumzo yenye utaratibu. Kwa kawaida amefika shahada ya uzamili na kufanya mazoezi chini ya msimamizi. Mshauri nasaha hushughulika na ndoa inayoyumba, msiba usiopoa au pombe iliyomtawala baba wa nyumba. Wa elimu humpima mtoto aliyefika darasa la tano bila kujua kusoma, kwani huenda anayeitwa mvivu ana tatizo linaloweza kusaidiwa. Kenya ilipiga marufuku kiboko shuleni mwaka 2001, na tangu hapo ushauri nasaha, uliotarajiwa kuchukua nafasi yake, umekuwa mzigo wa walimu ambao tayari wana vipindi vyao. Wapo pia wanaohudumia wafanyakazi viwandani, wanaotoa ripoti za kitaalamu mahakamani, na wanaowaandaa wanariadha kiakili kabla ya mashindano.

Kazi inayohitajika zaidi kwetu, hata hivyo, ilijaribiwa hapa hapa Bungoma. Watafiti walichagua watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi na ambao bado walisumbuliwa na majonzi na kumbukumbu za kutisha. Nusu walitoka Bungoma na nusu Moshi, Tanzania. Waliowatibu walikuwa wenyeji wasio na shahada ya saikolojia, waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Watoto walikutana kwa makundi kwa wiki 12, wakajifunza kutuliza hofu na kuzungumzia kifo walichokuwa wakikikwepa. Walezi wao nao walishirikishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Mwaka mmoja baada ya tiba, watoto wa Bungoma, wa mjini na wa mashambani, walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Kwa wale wa Moshi, tofauti hiyo haikuonekana tena kufikia wakati huo.

Hapo ndipo penye jibu la mzazi. Mwanasaikolojia anayeketi ofisini na mgonjwa mmoja baada ya mwingine hawezi kuifikia kata nzima. Anayebuni tiba inayofaa, akawafunza walimu na wahudumu wa afya ya jamii, akawasimamia na kupima matokeo, huwafikia mamia. Matokeo tofauti ya Moshi yanaonyesha kwa nini kazi hiyo haiwezi kuachiwa nia njema peke yake: tiba ileile inaweza kudumu mahali pamoja na kufifia pengine, na ni mtaalamu wa kupima atakayegundua hivyo.

Kwa hiyo, mwanafunzi, chagua chuo ukishajua ni tatizo gani unataka kulishughulikia: la darasani, la hospitalini, la kazini au la kijiji kizima. Jiandae pia kusoma takwimu. Nawe unayetafuta msaada, kumbuka kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe. Kabla ya kumfungulia mtu moyo wako na kumlipa, muulize amesomea nini na amesajiliwa wapi. Mtaalamu wa kweli hatachukizwa na swali hilo.