Kafi Mikononi mwa Akina Mama

Kaskazini mwa Diani, pale Mto Mwachema unapoingia baharini na kuitenga Diani na Tiwi, umesimama Msikiti wa Kongo katikati ya mibuyu. Ni msikiti wa kale, na hadi leo watu huswali ndani yake. Mbele yake hupita kayaki za rangi kali zilizobeba wageni, zikipanda mto baina ya mikoko. Wanaokodi ni watalii; wenyeji husimama ufuoni wakitazama, na miongoni mwa wanaotazama ni mabinti zetu.

Kwa nini watazame tu? Bibi zetu hawakuwa wageni wa bahari. Huko Gazi na Vanga wanawake wametanda uduvi tangu zamani, maji yakiwafika kiunoni. Na kayaki yenyewe, ukiiangalia vizuri, ni mtumbwi uliobadili vazi: badala ya gogo la mwembe ni plastiki, na badala ya kafi ya upande mmoja ni kafi yenye bapa mbili. Zile za watu wawili ndizo zinazomfaa mama na mwanawe, mtoto akikaa mbele.

Linalotakiwa kujulikana kwanza ni maji, wala si kafi. Hapa nyumba ya Kiislamu ina hazina ambayo mgeni hana, nayo ni kalenda ya mwezi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, ndipo huja bamvua: bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, hujaa kuelekea alasiri, na hupwa kabisa katikati ya asubuhi. Siku kama hizo, atakayefika mtoni saa nne asubuhi atakuta mchanga na matope. Atakayeingia maji yakiwa yamejaa kisha akachelewa kurudi, maji yanayotoka mtoni kwa kasi yatamsukuma kwenye bahari ya wazi. Lakini tarehe 8 au 9 ya mwezi wa Kiislamu, na tena 22 au 23, ni maji mafu. Maji hutembea taratibu, kiasi cha mita moja tu, na hujaa karibu na saa nne asubuhi. Basi familia iondoke saa mbili, ipande mto pamoja na maji yanayojaa, igeuze yanaposimama, na itakuwa nchi kavu kabla ya adhana ya adhuhuri. Saa kamili zisomwe katika jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari.

Kuhusu vazi, tuseme wazi: buibui halifai mtumbwini. Likilowa huwa zito, tena hunasa miguuni. Suruali pana ya kitambaa chepesi, kanzu fupi ya mikono mirefu na hijabu ya kuvaa bila pini hutosha kwa stara, na jaketi la kuelea hufungwa juu ya vyote. Tumeona mahali kayaki zikikodishwa bila majaketi, mwenye nazo akisema mto si wa kina. Mtu wa namna hiyo asipewe fedha zenu, hata akipunguza bei.

Tunajua hofu iliyomo nyumbani. Familia za kusini hazijaisahau Aprili 1994, feri ilipozama Mtongwe na watu 272 wakafa maji. Hofu hiyo ina haki yake. Hata hivyo, binti asiyejua kuogelea hupanda feri ya Likoni vilevile, na kumzuia asiingie majini hakumfundishi kuelea. Kule Nungwi, Unguja, tangu mwaka 2011 mradi uitwao Panje umewafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili mzima. Sisi tungependa kuona mafunzo ya namna hiyo Diani kabla ya safari za kayaki kuzoeleka: mwalimu mwanamke, maji ya kifuani, na siku za wanawake peke yao.

Mto Ramisi, upande wa Funzi, una mandhari ya kupendeza, lakini una mamba. Huko panda mashua ya mwenyeji, kayaki iache.

Wenye watoto wadogo waanze na Gazi, kusini mwa Diani. Hapo kikundi cha wanawake kimejenga njia ya mbao inayokatiza mikokoni, hivyo mtoto huona kaa na mizizi ya mkoko kwa karibu pasipo kulowa. Mikoko hiyo ina kazi nyingine: tangu 2013, kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanakijiji wa Gazi na Makongeni hutunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, na mapato yakasaidia maji ya kunywa na shule. Akina mama hao huwapikia wageni pia. Ni vyema kuwaagiza mapema.