Tathmini ya Mswada wa Riwaya ya Vijana: Hali ya Butembo na Beni

Mwandishi wa Butembo au Beni anayemaliza riwaya ya Kiswahili kwa ajili ya vijana hukabiliwa mapema na swali zito: ni nani atakayeusoma mswada huo kwa jicho la kitaalamu kabla haujapigwa chapa? Rafiki atausifu. Mwalimu wa sekondari atasahihisha nukta na herufi kubwa. Wote hao wana faida yao, lakini kazi ya msomaji wa mswada ni nyingine. Yeye hueleza kwa maandishi mahali hadithi inapolegea, mahali mhusika asipoaminika, na sababu ya kijana kukifunga kitabu katika sura ya tatu asikirudie tena.

Upungufu huo hautokani na uhaba wa wasomi. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kipo Butembo tangu 1989, na mji wa Beni, ulio umbali wa kama kilomita 54 kaskazini, una Chuo Kikuu Rasmi cha Semuliki. Hata hivyo, elimu ya juu hutolewa kwa Kifaransa, na mwenye shahada ya fasihi aghalabu amezoea kuhakiki riwaya za lugha hiyo. Uhariri wa vitabu vya vijana vya Kiswahili, kwa maana ya kazi yenye mafundi wake, umestawi zaidi Dar es Salaam na Nairobi.

Mfano wa Tanzania unafaa kuangaliwa. Mwaka 1991 ulianzishwa huko Mradi wa Vitabu vya Watoto kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi huo uliendesha warsha za waandishi, wachoraji na wahariri. Miswada ilipitiwa na kutolewa maoni, na nakala za vitabu vilivyokubaliwa zilinunuliwa kwa ajili ya shule. Jambo la maana hapa ni kwamba maoni ya mhakiki yalifungamana na soko. Mhakiki alikuwa na sababu ya kuwa mkali, na mwandishi alikuwa na sababu ya kuandika upya. Ushauri usiofuatwa na chochote, hata ukiwa wa busara, huishia kwenye mtoto wa meza.

Zipo pia tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014 na ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, imewafungulia mlango waandishi wa miswada. Lakini tuzo hutoa hukumu, na hukumu si tathmini. Aliyeshindwa hujua tu kwamba ameshindwa.

Basi njia iliyo wazi zaidi ni kuupeleka mswada kwa mhariri wa Afrika Mashariki, na hasa baada ya Kongo kujiunga na Jumuiya ya nchi hizo mwaka 2022. Hapo ndipo linapozuka tatizo ambalo mwandishi wa Tanga au Mombasa halijui. Kiswahili cha mitaani Butembo na Beni husema «batoto» na «mutoto», huenda «ku masomo» badala ya shuleni, huuliza «juu ya nini?» pale Kiswahili sanifu kinapouliza «kwa nini?». Mhariri asiyekijua huyaona hayo yote kuwa makosa, naye huyapiga mstari mwekundu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mswada hurudi umejaa wino, na juu ya hadithi yenyewe hakuna neno lililosemwa.

Kusema kwamba mhariri huyo amekosea kabisa si haki. Kitabu kinachotaka kusomwa Arusha na Kisumu kinahitaji masimulizi yanayoeleweka huko. Lakini msomaji wa kwanza wa riwaya hii ni kijana wa Beni, na lugha isiyo yake humponyoka. Ushahidi haukosekani. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, shirika la Translators without Borders lilibaini kuwa matangazo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakueleweka vya kutosha na watu wengi wa eneo hilo, likahimiza Kiswahili cha Kongo na Kinande vitumike.

Kwa hiyo mwandishi afanye uamuzi wake kabla ya kumwandikia mhariri, tena auandike. Uamuzi unaoelekea kufaa ni masimulizi kwa Kiswahili sanifu chepesi, na mazungumzo kwa Kiswahili cha mahali, kwa kipimo. Ukurasa mmoja wa maneno yaliyoteuliwa kwa makusudi uambatanishwe na mswada. Mathalani, «chukudu» ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kusukumia mizigo. Mhariri akikiita mkokoteni, kitu chenyewe kitakuwa kimetoweka. «Sombe» ni kisamvu na «lengalenga» ni mchicha, na hapa kubadilisha kungevumilika.

Lakini yako maneno yasiyovumilia kuguswa. «Kadogo» kwa msomaji wa pwani ni kitu kidogo tu. Mashariki ya Kongo, tangu vita vya 1996, ni mtoto aliyevishwa sare na kupewa bunduki. «Wazalendo» katika vitabu vya shule vya Tanzania ni watu waipendao nchi yao. Kivu ya Kaskazini ya leo ni jina la makundi yenye silaha yaliyosimama dhidi ya M23. Mhariri asiyeelezwa atayapita maneno hayo bila kushtuka, na tathmini yake ya mhusika itakuwa imekosa nusu ya mhusika huyo.

Hali kadhalika, liko jambo ambalo mhariri wa mbali hawezi kuliona hata akiwa hodari. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yamekuwa yakiendelea tangu Oktoba 2014, na wasomaji wengi wamefiwa. Tukio la usiku katika sura ya tano, lenye jina halisi la kijiji, laweza kumrudisha kijana mahali alipokimbia, au kumtia mashakani jamaa aliyebaki. Sura kama hiyo ihukumiwe na msomaji wa pili: mwalimu au mshauri wa vijana wa papo hapo. Huyu haulizwi juu ya ufundi. Anaulizwa kinachoweza kusomwa darasani na kinachohitaji jina la kubuni.

Tena mswada usomwe kwa sauti. Mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha historia ya mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa Kiswahili cha Katanga. Maandishi hayo hayakufuata tahajia wala mipaka ya maneno iliyozoeleka, hata ikabidi mzawa wa lugha, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti ndipo maana ikatengemaa. Riwaya ya vijana haina matata kiasi hicho, lakini mazungumzo yake hayapimiki kwa macho peke yake.

Mwalimu asome sura mbili mbele ya wanafunzi, mwandishi akikaa nyuma kimya, pengine pasipo kutambulishwa. Aandike mahali walipocheka, mahali walipouliza maana ya neno, mahali viti vilipoanza kukwaruza sakafu. Jaribio hilo lifanywe Butembo na Beni pia, kwa kuwa Kinande kina nguvu zaidi Butembo, na neno linalopita mji mmoja hukwama mwingine. Karatasi hizo ziende kwa mhariri pamoja na mswada na orodha ya maneno, na barua fupi imwombe ripoti ya kurasa tatu au nne juu ya hadithi, wahusika na mwendo wa sura, huku masahihisho ya lugha yakiachwa hadi mswada utakapokuwa umeandikwa upya.